Kuijenga Hoja: Insha ya Falsafa na Suala la Ardhi ya Kericho na Bomet

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanapotakiwa kuandika insha ya falsafa huandika ama historia ama mahubiri. Hukusanya matukio, wakayapamba kwa methali, kisha wakahitimisha kwa kumuusia msomaji. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka kasoro hiyo kwa kutumia swali ambalo mwanafunzi wa nchi ya chai hahitaji kulitafuta mbali: je, mjukuu ana haki ya kudai ardhi aliyopokonywa babu yake?

Historia yenyewe inafahamika. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis katika sehemu kubwa ya ardhi yao ili kuwapa walowezi, na katika miaka ya 1920 kampuni za chai zikaanzisha mashamba makubwa Kericho. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Maarifa haya ni ya lazima, ila hayajibu swali. Yanaeleza kilichotendeka, falsafa huuliza kinachopasa kutendeka, na kwa sababu gani.

Hatua ya kwanza ni kufasili. Neno "haki" lina maana mbili zinazogusana: stahili ya mtu juu ya kitu fulani, na uadilifu kwa jumla. Anayeandika kwamba ardhi ni haki yetu, hivyo haki itendeke, amevuka kutoka maana moja hadi nyingine bila kujenga daraja. Yawezekana babu alikuwa na stahili, na bado tukabishana iwapo uadilifu wa leo unadai ardhi irudishwe au fidia ilipwe.

Hatua ya pili ni kuzipanga sababu waziwazi. Kitu kilichoporwa hubaki mali ya aliyeporwa. Mali ya marehemu hurithiwa na wazawa wake. Ardhi hii iliporwa. Kwa hiyo wazawa wana stahili nayo. Zikipangwa hivi, kila sababu yaweza kupimwa peke yake. Je, umiliki hubaki milele? Je, ardhi iliyokuwa ya jamii nzima hurithiwa kama ng'ombe wa mtu mmoja?

Hatua ya tatu, ambayo wengi huikwepa, ni kulipa pingamizi nguvu zake zote. Mwaka 1992 mwanafalsafa Jeremy Waldron, mzaliwa wa New Zealand, alidai kwamba dhuluma ya kale yaweza kupitwa na mabadiliko ya hali. Mkosoaji anaweza kuongeza kwamba mashamba ya chai leo ni makao na riziki ya vibarua ambao hawakumpora mtu. Mwandishi makini hamkejeli mkosoaji huyu. Humjibu, pengine kwa kuuliza: ikiwa hali mpya ilizaliwa na dhuluma yenyewe, je, mdhulumu anufaike kwa kuwa tu muda umepita? Au hukubali kuwa dai lake limepungua, akatetea fidia badala ya kurejeshewa ardhi. Kulirekebisha dai si kushindwa.

Vipi kuhusu methali? "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" si ithibati, kwani mwingine atajibu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hufungua mjadala, haiufungi. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya wahenga, alimtofautisha mhenga anayehifadhi hekima ya jamii na yule anayeihoji kwa akili yake. Insha ya falsafa humtaka mwanafunzi awe huyo wa pili.

Kwa kumalizia, mwanafunzi aliyezaliwa kando ya mashamba hayo asidhani kwamba uchungu wa jamaa zake unamzuia kufikiri kwa utulivu. Uchungu humpa swali. Lakini ni hoja itakayomfanya hata asiyeuonja uchungu huo alazimike kumsikiliza.