Kwenda Kuyatazama Maporomoko ya Kalambo

Leo nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wa Mpanda na wa vijiji vya jirani, juu ya safari ambayo wengi hutamani kuifanya, lakini si wengi waifanyao kwa utaratibu mwema. Nayo ni safari ya kwenda kuyatazama maporomoko ya mto Kalambo, kule kusini, mahali nchi ya Tanzania inapopakana na Zambia. Habari zake mmezisikia barazani na shuleni. Lakini kusikia si kuona, na kutamani si kwenda. Kati ya kutamani na kwenda pana mpango; na mpango wa safari hii hauanzi na gari, wala hauanzi na chakula cha njiani. Huanza na mwezi.

Ili tufahamu kwa nini ni hivyo, yafaa kwanza tuujue mto wenyewe. Kalambo si mto mkubwa. Maji yake hutoka katika nchi ya juu iliyo karibu na Ufipa, nayo huteremka kwenda Ziwa Tanganyika. Hapo kale sana, kabla hajakuwako mwanadamu, ardhi ya pande hizi ilipasuka, na sehemu ya katikati ikadidimia, ikaacha kuta ndefu huku na huku. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya ufa huo, ndiyo maana lina kina cha mita 1,470 hivi, na katika dunia yote ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, linalolipita kwa kina. Uso wa ziwa letu u mita 773 hivi juu ya bahari, lakini nchi ya juu unakotoka mto imeinuka kupita hapo kwa mamia ya mita. Basi mto unaotembea taratibu huko juu hufika ghafula ukingoni mwa ukuta, nao hauna njia nyingine ila kuruka.

Kwa miaka mingi isiyohesabika maji hayo yameukata ukuta na kurudi nyuma kidogo kidogo, yakachimba bonde jembamba lenye kuta zilizosimama wima. Kwa hiyo maporomoko hayapo tena ufukoni mwa ziwa, bali yako bara kilomita chache, kwenye kichwa cha bonde hilo. Mwamba wa hapo ni mgumu, haulegei upesi. Ndiyo sababu maji huanguka kwa mruko mmoja, wala hayashuki kwa madaraja.

Urefu wa mruko huo ni zaidi ya mita 220. Mwanafunzi anayetaka kuufahamu na autazame mti mrefu wa porini wenye mita 20, kisha afikiri miti kumi na mmoja ya namna hiyo imesimamishwa mmoja juu ya mwingine. Maporomoko yenye sifa kuu ya mto Zambezi, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yana mita 108 tu. Ya Kalambo huyapita zaidi ya mara mbili. Lakini tusidanganyane: yale ya Zambezi ni mapana kupita kilomita moja na nusu, na haya yetu ni membamba kama utepe. Sifa ya yale ni upana na wingi wa maji. Sifa ya haya ni urefu.

Wembamba huo ndio unaotufanya tuuchague mwezi kwa uangalifu. Jiwe likianguka kutoka juu hata chini, pasipo kuzuiwa na hewa, lingechukua karibu sekunde saba. Maji nayo hupita katika hewa njia hiyo yote, na hewa huyapasua. Mto ukiwa umejaa, huanguka kwa kishindo, na wingu la manyunyu huinuka kutoka chini. Mto ukipungua, utepe hukonda, ukachanika, na sehemu kubwa ya maji hugeuka kuwa ukungu kabla hayajafika chini. Mtu aliyekwenda mwezi wa Oktoba na mtu aliyekwenda mwezi wa Aprili watasimulia mambo mawili yasiyofanana, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Sasa, mvua za pande hizi huanza mwezi wa Novemba na kukoma mwezi wa Aprili au karibu na hapo. Mtu atasema, "Basi na twende Machi, mto umejaa." Shauri hilo si jema. Machi njia za udongo zimelowa, magari hukwama, mawe ya ukingoni yanateleza, na mara nyingine ukungu mzito huyafunika maporomoko yote, hata msafiri asikie ngurumo tu asione kitu. Mwingine atasema, "Na twende Septemba, njia zimekauka." Naam, njia zimekauka, na mto nao umekonda.

Yupo na wa tatu, naye ni mkulima, ambaye shauri lake si la njia wala la mto, bali la mfuko. Atasema, "Nitakwenda nikiisha kuvuna na kuuza." Lakini mahindi yakivunwa, yakikauka, yakipata mnunuzi, Julai au Agosti imekwisha fika. Fedha imepatikana, maji yamekwenda zake. Watu wengi wamekamatwa na kalenda hizi tatu, yaani ya mto, ya njia na ya mavuno, wakaahirisha safari mwaka baada ya mwaka hata watoto waliowaahidi wakawa watu wazima.

Ufumbuzi wake ni huu. Wakati ulio mwema ni mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Mvua zimekoma, njia zimeanza kukauka, anga ni safi, na mto bado una nguvu ya masika. Tena shule zetu huwa na likizo ya katikati ya mwaka karibu na wakati huo. Lakini fedha ya kwendea mwezi wa Juni haiwezi kutoka katika mavuno ya Julai. Sharti itoke katika mavuno ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo atakaye kwenda mwakani na aanze kuweka akiba mwaka huu, siku ile ile auzapo gunia la kwanza, kabla fedha haijapata kazi nyingine. Akiba haiozi.

Tuseme mwalimu wa shule moja karibu na Mpanda ataka kuwapeleka wanafunzi thelathini. Akiwataka wazazi watoe fedha yote kwa mara moja mwezi wa Mei, watoto wa wenye mali watakwenda, na watoto wa maskini watabaki wakilitazama gari likiondoka. Akiwaambia tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, wakatoa kidogo kidogo kwa miezi tisa, na kila kitu kikaandikwa katika daftari mbele ya wazazi, wengi zaidi watapata nafasi. Mpango wa mapema hupunguza taabu, tena huleta haki.

Na tutazame njia. Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ni yapata kilomita 240. Kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda utafika Sitalike, kwenye mto Katuma, mahali penye viboko wengi. Na hapo ndipo Hifadhi ya Taifa ya Katavi inapoanza. Hifadhi hii iliwekwa mwaka 1974, nayo ina kilomita za mraba 4,471. Katika sehemu hiyo mtu asishuke garini ovyo, hata kama haja imembana. Haja zote zimalizwe kabla ya kuingia. Wako mbung'o pia, ambao huuma kwa ukali na huweza kuleta ugonjwa wa malale. Mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyokolea; basi vaeni nguo za rangi hafifu, mkafunge na madirisha.

Sumbawanga iko juu, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni baridi ya Ufipa si mchezo kwa mtu aliyezoea joto la Mpanda. Kila mtoto na awe na sweta na blanketi. Ni vema kulala hapo, wala msijaribu kuimaliza safari kwa siku moja, kwa maana dereva aliyechoka ni hatari kupita simba wa Katavi.

Asubuhi mtashika barabara ya Kasanga, mji wa bandari ulio kwenye Ziwa Tanganyika, ambao zamani za Wadachi uliitwa Bismarckburg. Toka Sumbawanga hadi Kasanga ni kilomita 112 hivi. Njiani mtapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Simameni hapo mkaulize hali ya njia ya kwendea maporomoko, maana njia ya udongo hubadilika kwa mvua ya usiku mmoja. Mkifika, fuateni maagizo ya watunzaji wa mahali hapo. Tena kumbukeni ya kuwa mto ndio mpaka wa nchi mbili: ng'ambo ni Zambia, na mtu hawezi kuvuka mpaka pasipo hati kwa sababu tu ameona mandhari ya upande wa pili ni nzuri zaidi.

Sasa nisikilizeni vema kwa jambo lililo kubwa kuliko yote. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Ukingoni mwa Kalambo hakuna nafasi ya kujaribu. Mawe yana ukungu na kuvu, na shimo la zaidi ya mita 220 halimsamehe aliyeteleza mara moja. Mwalimu na awe na mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita. Kwa watoto thelathini, watu wazima watano. Watoto wahesabiwe wakishuka garini, wahesabiwe wakifika, wahesabiwe tena wakiondoka. Mtu asisogee ukingoni kupigwa picha, wala asirudi kinyumenyume akiitazama kamera. Asiingie mtoni juu ya maporomoko, hata kama maji yaonekana kufika magotini tu, kwa kuwa mkondo huvuta miguu. Wala pasitupwe mawe bondeni. Katika magenge hayo hukaa na kuzaliana wale ndege wakubwa wenye kichwa cha upara na mfuko shingoni, jamaa ya korongo, na mawe huwatisha waache viota vyao.

Mkishuka hata ziwani Kasanga, mtaona maji mazuri yanayowaita. Yako mamba katika ziwa hili, na penye majani na maji yaliyotulia huenda pakawa na kichocho. Waulizeni wenyeji kabla hamjatia hata mguu. Maji ya kunywa yachemsheni.

Mwisho, nataka mjue ya kuwa Kalambo si maji tu. Mwaka 1953 Bwana Desmond Clark, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, aligundua upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, mahali walipokaa watu wa zamani sana. Palionekana mashoka ya mawe, na vipande vya miti vilivyohifadhiwa katika udongo uliolowa maji, kwa maana mti uliofunikwa na udongo wa namna hiyo, pasipo kupata hewa, hauozi upesi. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza ya kuwa pamepatikana hapo magogo mawili yaliyolazwa moja juu ya jingine, nalo la juu limechongwa pengo ili likae sawasawa juu ya mwenziwe. Umri wake si chini ya miaka 476,000. Tukihesabu miaka 25 kwa kila kizazi, hivyo ni vizazi elfu kumi na tisa. Hakujapatikana mahali pengine duniani kazi ya kuunganisha magogo iliyo ya kale kupita hiyo.

Yeyote aliyejenga nyumba ya miti au kuweka dungu shambani ajua kazi ile: kuchonga pengo, kulaza gogo, kulijaribu kama halitikisiki. Waliolichonga walikuwa watu wa kale mno, kabla ya watu wa namna yetu, na chombo chao kilikuwa jiwe. Lakini walikwisha kufahamu ya kuwa kitu kitakachosimama kesho hupangwa leo.

Basi ninyi mlio na hamu ya kuyaona maporomoko haya, msingoje mwezi wa Mei ndipo mwanze kuulizana. Jioni hii andikeni majina ya watakaokwenda, mkachague mtu mwaminifu wa kuweka fedha, mkawekeane siku ya kutoa fungu la kwanza. Juni ikija, mto utakuwa tayari. Na ninyi mwe tayari.

Kwa herini.