Katika BitTorrent, anayepakua ndiye anayesambaza

KIJANA wa Frere Town, Kisauni, anayepakua filamu kwa programu ya BitTorrent huenda akadhani anapokea tu. La hasha, wakati uo huo tarakilishi yake inawagawia wengine.

Kwa kawaida faili hukaa katika seva moja, na wanaoitaka wakizidi, seva hulemewa. Bram Cohen wa Marekani, aliyebuni BitTorrent mwaka wa 2001, aliugeuza utaratibu huo. Faili hukatwa vipande vidogo, na aliyepata kipande humpa asiyekuwa nacho. Kipande adimu hutafutwa kwanza, kisije kikatoweka mwenye nacho akiondoka. Kila kimoja hulinganishwa na alama yake maalumu ya tarakimu, kilichoharibika hutupwa.

Wanaogawana hukutanishwa na seva iitwayo traka. Hiyo ni mithili ya ile kengele ya Kengeleni, iliyowatahadharisha watumwa walioachwa huru dhidi ya wakamataji: huita watu, haibebi mzigo. Siku hizi hata traka si lazima, kwani tarakilishi huulizana zenyewe. Napster, iliyokuwa na orodha yake mahali pamoja, ilizimwa mwaka wa 2001 kufuatia amri ya mahakama ya Marekani.

Programu yenyewe haina hatia. Mifumo ya Linux husambazwa vivyo hivyo. Lakini anwani ya intaneti ya kila mshiriki huonekana na wenzake, na chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kusambaza kazi ya mtu bila idhini ni kosa.

Aliyenunua bando naye hushangaa limekwisha mapema: vipande alivyowapa wengine vimehesabiwa pia.