Saa 72 za Kuwahi

Muuguzi amechomwa na sindano aliyotoka kumchoma nayo mgonjwa mwenye VVU. Hatari ya kuambukizwa kwa njia hiyo ni kama 3 kati ya 1,000. Ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, ila hakuna anayejua mapema kama yumo katika hao 3. Anaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakikamui, kisha anakwenda kuomba PEP, dawa za kinga baada ya kukutana na virusi.

Akiwahi, bado kuna nafasi. Virusi havienei mwilini papo hapo. Huvamia kwanza chembe za kinga zilizo karibu na pale vilipoingilia, na chembe hizohizo huvibeba hadi kwenye matezi, safari ya siku mbili tatu hivi. Ndani ya chembe, virusi hunakili vinasaba vyao na kuvipachika katika vinasaba vya mtu. Vikishapachikwa, dawa tulizonazo huvifubaza tu, haziving'oi. Tenofoviri na lamivudini huzuia kunakili, dolutegraviri huzuia kupachika. Zote 3 zimo katika kidonge kimoja, ambacho watoa huduma hukiita TLD, cha kumeza kila siku kwa siku 28.

Wengi huacha njiani wakijiona wazima. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwaambukiza kima wa aina ya makaki virusi vya jamii ya VVU, wakawapa tenofoviri saa 24 baadaye. Waliotibiwa siku 28 walisalimika wote. Waliotibiwa siku 10 walisalimika nusu. Wa siku 3, hata mmoja hakupona. Na kila dawa ilipocheleweshwa hadi saa 48 au 72, kinga ilipungua. Kwa hiyo saa 72 ni ukomo. Mwenye kuweza aende saa hiihii.

Kinachoniuma ni aliyebakwa. Muuguzi anajua pa kwenda, yeye anajifungia ndani kwa aibu isiyo yake huku saa zinakatika. Fomu ya polisi ina kazi yake mahakamani, lakini dozi ya kwanza haipaswi kuisubiri, wala kusubiri majibu ya vipimo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri PEP itolewe pia na wafamasia na wahudumu wa afya ya jamii. Ushauri huo uharakishwe, maana duka la dawa lipo jirani na hospitali ni nauli.

Kondomu ikipasuka, utaratibu ni uleule. Dozi zikiisha mtu hupimwa, hupimwa tena baada ya miezi 3, na muda wote huo hutumia kondomu na hachangii damu.