Maksai Anayechechemea Bega: Sababu na Matibabu



Katika mkoa wetu wa Mwanza pamba hupandwa tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Mwanachama ambaye maksai wake mmoja anachechemea wakati huo hupoteza nguvu ya jozi nzima, maana nira zetu ni za ng'ombe wawili. Hapo hushawishika kumfunga nira hivyo hivyo ili amalize shamba. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi huo huleta hasara kubwa zaidi. Jambo hili lawahusu wenzetu wa Misungwi, Magu na Kwimba, na pia wale wa pembezoni mwa Nyamagana wanaofuga ng'ombe wa kulimia na kukokota tela.

KWANZA TAZAMA KWATO

Ng'ombe wengi wanaochechemea huumwa kwatoni, wala si begani. Kwa hiyo osha mguu, tafuta mwiba, jiwe, ufa au usaha, kisha bonyeza kwato kuona kama kuna maumivu.

Kama kwato ni nzima, mtembeze mnyama polepole mahali tambarare. Mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, na hukishusha anapoegemea mguu mzima. Aumwaye begani hupiga hatua fupi, huburuta ncha ya kwato, au huuzungushia mguu nje badala ya kuukunja. Ukiuvuta mguu huo taratibu mbele na nyuma, hushtuka.

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ni nira mbaya. Nira yenye kingo kali, kamba yenye fundo, au jozi ya ng'ombe wasiolingana kimo na nguvu, huchubua ngozi na kuponda misuli. Baya zaidi, mbele ya mfupa wa bega hupita neva inayoendesha misuli ya hapo. Neva hiyo ikigandamizwa au ikigongwa, misuli hunywea baada ya majuma machache, mfupa hujitokeza, na bega husukumika nje kila hatua. Farasi wa kukokota mizigo huko Ulaya na Marekani walijulikana sana kwa maradhi haya.

Sababu ya pili ni ajali: kuteleza katika udongo mweusi wa mbuga, plau kunasa ghafla kwenye kisiki, au kupigwa pembe na mwenzake zizini. Msuli huweza kuchanika, kiungo kikateguka, au mfupa ukavunjika.

Sababu ya tatu ni chambavu, na hii haingoji. Hushika hasa ng'ombe wa miezi sita hadi miaka miwili, tena walionenepa. Basi ndama wanaotazamiwa kufundishwa nira wamo hatarini. Mnyama huchechemea ghafla, hupata homa, na bega au paja huvimba. Mwanzoni uvimbe huwa wa moto na wenye maumivu. Baadaye hupoa, na ukiubonyeza husikika kama majani makavu. Kifo huweza kuja katika siku moja au mbili. Mwite mtaalamu wa mifugo saa ile ile, kwani penisilini husaidia tu ikitolewa mapema sana. Ng'ombe aliyekufa ghafla asichunwe wala asiliwe, maana huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua hata watu. Toa taarifa, kisha mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina. Vijidudu vya magonjwa haya mawili huishi udongoni kwa miaka mingi.

MATIBABU

Kwa bega lililopondwa, dawa kuu ni kupumzika. Mfungue nira siku hiyo hiyo. Siku mbili za kwanza mwagia bega maji baridi mara kadhaa kwa siku. Baadaye tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mletee majani na maji karibu, asiende machungani mbali. Mtaalamu aweza kutoa dawa ya maumivu, lakini dawa hiyo isiwe kisingizio cha kumrudisha kazini. Mponde mdogo hupona kwa majuma machache. Neva iliyoumia huhitaji miezi, na nyingine haiponi. Asiyeweza kabisa kukanyaga apimwe bila kuchelewa.

Desturi ya kuchoma bega kwa chuma cha moto haiponyi neva wala kiungo. Humwongezea mnyama jeraha na kuharibu ngozi ambayo ingeuzwa.

Akipona, aanze kwa kazi nyepesi ya muda mfupi asubuhi, ndipo aongezwe siku kwa siku.

WAJIBU WA CHAMA

Makatibu wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano kabla ya mvua. Nira zikaguliwe na kulainishwa. Iandikwe orodha ya ng'ombe wa kuchanjwa chambavu kila mwaka. Chuo cha mifugo cha Mabuki, wilayani Misungwi, ki karibu kwa ushauri.

Zaidi ya yote, wanachama wapatane mapema jinsi ya kuazimana maksai. Mwenye ng'ombe mgonjwa humlimisha kwa sababu hana mwingine. Jirani akimwazima kwa siku tatu, shamba litapandwa kwa wakati, na yule mgonjwa atakuwapo kulima msimu ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.