Jo, Mama Yake, na Kijiji Kilichoganda

Sogeeni, watoto wa Kangeta, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali na milima ya Nyambene. Leo nawasimulia filamu ya hapa kwetu Kenya, Supa Modo. Aliyeiongoza ni Likarion Wainaina, ilitoka mwaka 2018, na haifiki hata saa moja na nusu. Msichana wake anaitwa Jo. Ana miaka 9, anampenda Jackie Chan kupita kiasi, na anaugua ugonjwa ambao madaktari hawawezi kuuponya.

Mwanzoni Jo yuko hospitalini na watoto wenzake, wakitazama filamu na kucheka. Kisha mama yake anakuja kumchukua. Mngedhani mtoto angeruka kwa furaha? Wapi! Marafiki wamebaki hospitalini, na mama huyo huyo aliyetaka arudi nyumbani ndiye aliye mgumu kumkaribia. Anamlinda mno, anamzuia, hacheki naye.

Tulieni hapo kidogo, maana hapo ndipo penye uzito. Mama huyu, Kathryn, ni mkunga. Mikono yake imepokea watoto wa wenzake, na sasa wa kwake anamponyoka huku akitazama. Watu wazima wakifikwa na jambo wasiloliweza, wengine hunyamaza, wengine hukaripia, wengine huzama kazini kutwa kucha. Mtoto akiona hivyo hudhani hapendwi. Kumbe mzazi ameanza kuomboleza kabla ya msiba, na hataki aonekane akilia.

Baadhi yenu mnaujua umbali huo kwa njia nyingine. Huku Igembe miraa ikishachumwa hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, na magari huteremka mbio kwenda Nairobi. Wapo akina baba walioondoka kwa biashara hiyo au kwa kazi nyingine, simu zikapungua, mwisho zikakatika. Kuachwa hakufanani na kufiwa. Aliyefiwa hujiwa na majirani, chai ikapikwa, watu wakaketi naye. Aliyeachwa na mzazi aliye hai hakaliwi matanga. Hubaki na maswali yake, na usiku hujiuliza alikosa nini. Hukukosa kitu, mwanangu. Nalisema wazi kwa sababu watoto wengi hawaambiwi: mtu mzima akiondoka, sababu ni zake, si zako.

Turudi kwa Jo. Dada yake mkubwa, Mwix, hakubali mdogo wake alale tu akingoja kufa. Jo anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, basi Mwix anakishawishi kijiji kizima kiingie katika ndoto hiyo. Jo akiamuru muda usimame, watu wanaganda walipo, mwenye mzigo na mzigo wake, wazee kwa vijana, hakuna anayepepesa jicho. Nimeipenda sehemu hiyo kuliko zote. Watu wenye shughuli zao wanaziacha kwa ajili ya mtoto mmoja, tena si wao waliomzaa.

Lakini msidhani Jo ni mjinga. Anaijua hali yake vizuri kuliko wakubwa wanavyodhani, na huwa hivyo karibu kila mara watoto wanapofichwa jambo. Anachokitaka ni kutengeneza filamu, na kijiji kinashirikiana naye kuitengeneza. Mama naye, polepole, anajifunza kuwa na bintiye badala ya kumlinda tu.

Sitawadanganya: Jo haponi, na nawaheshimu walioitengeneza kwa kutomponya kwa uongo. Wanamwacha acheze hata akiwa na huzuni, na ndivyo watoto walivyo. Aliyemzika mama yake jana aweza kupiga mpira leo, kisha akalia usiku kucha. Hajasahau, na asigombezwe.

Filamu hii ilioneshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018, na jopo la waamuzi watoto likaitaja kwa heshima ya pekee. Kenya nayo ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Waliochangia kuitayarisha, One Fine Day Films na Ginger Ink, ndio waliotoa Veve mwaka 2014, filamu ya biashara ya miraa huko Maua, yenye kijana anayetaka kulipiza kisasi cha kifo cha baba yake. Hiyo ni ya wakubwa, isubirini.

Ukiipata Supa Modo, usiitazame peke yako. Mwite mzazi, shangazi, au nyanya anayekulea, na ikiisha muulize lile swali ulilolikalia siku nyingi. Kama nyumbani hakuna wa kumuuliza, mwendee mwalimu unayemwamini. Na ipo simu ya watoto, namba 116, kote Kenya. Hailipiwi, na hupokewa usiku na mchana.