Kuhamia Dunguni na Adabu ya Kuvuta

Miongoni mwa maneno yasemwayo na wageni juu yetu sisi watu wa bonde la Kilombero, hakuna lililodumu zaidi, wala lililosemwa kwa ujuzi haba zaidi, kuliko lile la kwamba hatuna maskani: ati mvua zikishika tunafunga milango ya nyumba zetu za Ifakara, Lupiro na Mngeta, tunakusanya watoto, kuku na vyungu, kisha tunakwenda kujibanza miezi kadha katika vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya tope, kana kwamba tumefukuzwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, baina ya mwaka 1973 na 1976, fikra hiyo ilipata nguvu ya amri, maana kuishi kwa kutawanyika kulihesabiwa kuwa ni kizuizi cha maendeleo. Na hata leo dhihaka yake ingalipo midomoni mwa wasafiri washukao katika stesheni ya TAZARA wakaona nyumba zimetiwa kufuli.

Mgeni huyo haijui ardhi. Bonde letu, lililolala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, hugeuka ziwa kila masika, na maji hayo hayo ya gharika ndiyo yaletayo rutuba ambayo mpunga wetu unasifiwa kwayo hata Dar es Salaam. Basi nyumba hujengwa kwenye ukanda ulioinuka, na shamba huwa mbugani, mwendo ambao mtu hawezi kuukata asubuhi na jioni akabakiwa na nguvu za jembe. Fauka ya hayo, mpunga ukishatoa mashuke ndege huushukia alfajiri, nguruwe huuingia usiku, na kiboko akipita mara moja hakisalii kitu. Kwa hiyo aila haina budi kuhamia pale pale, tangu Desemba au Januari hata mavuno ya Juni, na aliyelala mjini juma la kukomaa kwa mpunga wake hana haki ya kumlaumu mtu. Watafiti wa malaria wa Ifakara, ambao kituo chao kilianzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, walilielewa jambo hili kuliko maofisa wengi: walitufuata hadi mashambani kutazama kama tumechukua vyandarua.

Na laiti wanaotucheka wangepata kulala usiku mmoja dunguni! Nguzo huchaguliwa miti isiyoliwa na mchwa, sakafu hutandikwa fito na juu yake majamvi, paa huezekwa nyasi, na kutoka juu hapo kamba huenea shamba zima zikiwa zimening'inizwa makopo, hata mtu mmoja aliyeketi, akivuta huku na huku, aweze kuamia ndege wa ekari nzima pasipo kushuka ngazi. Watoto hufundishwa kombeo kabla ya kufundishwa jembe. Mpunga ukiwa bado na ubichi, akina mama huvuna kidogo, wakaukaanga na kuutwanga ukawa pepeta, na zamani ya kwanza kabisa haikuguswa na mtoto wala mwenye shamba mpaka wazee walipoionja, na fungu likapelekwa kwa waliobaki mjini kwa ugonjwa au uzee. Siku hizi pepeta huuzwa barabarani katika mifuko ya plastiki, na mwenye kuila hajui imetoka dungu la nani. Harusi, unyago na ngoma ya sangula nawaachia wenye kamera.

Ninalolipenda kuliko yote ni safari yenyewe, na humo katika safari, namna ya kuvuta. Nilipokuwa mdogo aila yetu ilihama kwa mtumbwi mkubwa wa mvule, uliopakiwa mbegu kwanza, kisha kinu, kisha vyungu, na watoto katikati. Na nyuma yake, kwa ukamba wa magome, ulifungwa mtumbwi mdogo mtupu. Ule mkubwa ulikuwa nyumba. Ukishafika na kutuama hauondolewi kwa jambo dogo. Ule mdogo ndio uliokuwa miguu yetu msimu mzima: wa kutegea migono, wa kwendea kwa jirani kuomba chumvi, wa kumkimbizia mgonjwa. Kwa hiyo ulivutwa kwa taadhima. Haukupakiwa mtu, wala mzigo. Fundo lake lilikuwa la kufunguka kwa mvuto mmoja. Na mzee aliyekaa tezi aliweka panga karibu na mkono, ili mtumbwi wa nyuma ukinaswa na gogo, au kiboko akizuka baina ya vyombo viwili, aukate ukamba bila kumwuliza mtu, mdogo uende na maji ukaokotwe kwenye kona ya mto, na watu wasalimike. Hakuondoka mpaka ameugusa ukamba toka fundo hata fundo, na kijana aliyemhimiza aliambiwa, kwa upole wa kutisha, "Tangulia kwa miguu, mwanangu, sisi tutakukuta."

Sasa ni trekta na tela, na nyuma ya tela hufungwa pawatila, mashine zilizoenea sana tangu ilipotangazwa Kilimo Kwanza mwaka 2009. Shabaha ni ile ile: kikubwa kibebe maskani, kidogo kifuate ili kitumike huko. Lakini adabu imepungua. Kijana husahau kuiweka gia nyutro, akafika mbugani giaboksi inanuka moto, akailaumu China.

Jamaa yetu mmoja aliyelowea Marekani alinieleza jinsi majirani zake wanavyofanya jambo lili hili, nami nikastaajabu kwa kufanana kwake. Wao huhama kwa gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo, na nyuma yake huvuta pikapu ya haibridi, iendayo kwa petroli na umeme, magurudumu yote manne yakiwa ardhini. Kwanza husomwa kitabu cha kiwanda, kwani si kila haibridi huruhusiwa: katika baadhi yake mota za umeme zimeungana na magurudumu, hata gari likivutwa mota huzungushwa kwa nguvu na mitambo ikaharibika, na katika magari mengine pampu ya mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini, nayo injini ikilala, meno husagana makavu. Iliyoruhusiwa hufungwa bamba la chuma kwenye chasisi, likapokea mikono miwili ya kuvutia ikutanayo mbele. Hupitishwa minyororo miwili iliyopishana, endapo mikono itakatika. Waya huvutwa ili taa za mdogo ziwake pamoja na za mkubwa, na mwingine wa kuilisha betri ya volti 12 isife njiani. Huwekwa chombo cha kuikanyaga breki ya nyuma pindi dereva wa mbele akanyagapo yake. Na mwisho hufungwa kijiwaya ambacho, gari likichopoka, huchomoka na kulishika breki papo hapo. Yule mzee wa tezi aliuachilia mtumbwi uende, na hawa hulisimamisha gari lisiende, madhali barabara haina kona ya kuokotea vitu. Lakini hofu ni moja. Aghalabu wao ni wastaafu, huziacha nyumba zao zimefungwa kwa miezi, wala hakuna aliyewaandikia amri ya kurudi kijijini.

Kwetu hata mto umepungua heshima. Tangu daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, likakikomesha kivuko na misiba yake, watu huenda Lupiro kwa bodaboda na kurudi jioni, nami siwezi kulilaumu daraja. Mivule ya mitumbwi imekwisha. Watoto hubaki mjini kwa ajili ya shule, wakajifunza ndege kitabuni. Na zamani aliyekwama katika udongo mweusi wa mbuga alivutwa na yeyote aliyepita, akatoa chakula kama alikuwa nacho, sasa mwenye trekta husimama, hazimi injini, akasema, "Shikamoo mama, bei kwanza."

Askari barabarani huyakataza matela kubeba watu, na hapo wana haki, kwani watoto juu ya magunia wamepata kuanguka. Lakini tela hilo huuzwa halina taa wala breki, na pini yake ni kipande cha nondo kilichopindwa. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Ifakara aweza kulitia minyororo miwili, pini yenye kifungo na taa za nyuma, kama angeamriwa na mtu. Katazo peke yake limefanya msafara wa Desemba uondoke saa nane za usiku, gizani, ili usikutane na askari.