Sheikh Amri Abedi: Zaidi ya jina la uwanja wa mpira

Wadau, mtajie kijana wa Kariakoo jina la Sheikh Amri Abedi, atakwambia: "Si ule uwanja wa Arusha?" Ndiyo, uwanja umepewa jina lake. Ila mimi nasema kazi yake kubwa ni kitabu, na kila anayechana mistari mjini hapa angefaidika nacho.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa sheikh wa Ahmadiyya, mshairi na mwanasiasa. Mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na 1963 akawa Waziri wa Sheria. Alifariki 1964, bado kijana kabisa.

Kitabu chenyewe ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha mwaka 1954. Kabla ya hapo, ufundi wa kutunga ulikuwa unapita zaidi kwa mdomo, kwa malenga na wanafunzi wake. Ukikosa wa kukufundisha, basi tena. Sheikh akaziweka sheria kwenye karatasi, yeyote ajuaje kusoma ajifunze.

Sheria zenyewe si ngumu. Nimetunga mfano wangu hapa:

Kariakoo sokoni, jua kali la mchana,
Wauzaji barazani, na wateja wabishana.

Hesabu silabi: nane kabla ya mkato, nane baada. Hiyo ndiyo mizani, 16 kwa kila mstari. Halafu tazama vina: "ni" katikati, "na" mwishoni. Kwa nini vipimo hivyo? Kwa sababu kwake shairi ni wimbo. Lisipoimbika, halijatimia.

Miaka ya 70 wasomi wa Chuo Kikuu wakaja juu. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Washairi wa jadi wakawaka, wakasema hayo si mashairi. Malumbano yakawa makali kweli.

Mimi siko upande wa kuwafunga watu kamba. Kezilahabi alikuwa mkali, hilo halina ubishi. Lakini naye alizijua sheria alizoziacha. Siku hizi tunao wengi wanaosema wanatunga "kwa uhuru" wakati hata mizani hawajawahi kuhesabu. Huo si uhuru jamani, ni uvivu.

Jifunze kwanza, halafu vunja ukitaka. Nyie wadau mnasemaje?